Mabaki ya Vita: Matembezi toka Magogoni hata Kariakoo



Leo twataka kuzungumza nanyi habari za vitu vya vita vya zamani, ambavyo mtu aweza kuvikuta njiani akitembea kwa miguu yake tu. Nchi yetu imepitiwa na vita vingi, na vita vikipita huacha takataka zake: maganda ya risasi, vipande vya chuma, vifungo vya nguo, magurudumu ya mizinga. Mwenye macho huviona. Lakini kuona si kutambua. Basi tutawasimulia matembezi yetu ya asubuhi moja katika mji wa Dar es Salaam, toka Magogoni hata Kariakoo, maana katika matembezi hayo tulijifunza jambo ambalo hatukulitazamia.

Sisi ni walimu wa chuo cha ualimu. Kila mwaka baada ya masika huwachukua wanafunzi wetu kutembea mjini, ili wale watakaofundisha historia waifuate kwa miguu kabla ya kuisema kwa midomo. Siku hiyo tulianzia Magogoni, karibu na kivuko cha kwenda Kigamboni. Mvua ilikuwa imekula ukingo wa pwani, na udongo ulikuwa umeporomoka mahali pengi. Mwanafunzi mmoja akaona kitu kidogo kimejitokeza katika mchanga, chembamba kama kidole, cha rangi ya kijani. Akakichomoa, akatujia mbio.

Kila mtu akatoa rai yake. Mmoja alisema ni mdomo wa taa ya zamani. Mwingine alisema ni kipande cha mashua. Kijana mmoja mpita njia, mwenye kununua vyuma chakavu, alikipima kwa mkono akasema ni shaba, naye yu tayari kukinunua kwa uzito wake. Ndipo mzee mmoja mvuvi, aliyekuwa akishona wavu kivulini, akainua kichwa akasema: "Wanangu, mbona mwahangaika? Hilo ni ganda la risasi. Sisi tulipokuwa watoto tulikuwa tukiyaokota, tukayapuliza kama filimbi."

Mzee alisema kweli. Lakini kabla hatujaendelea, hatuna budi kuwaonya. Ganda tulilolipata lilikuwa tupu: mdomo wake ulikuwa wazi, na ndani mlikuwa na mchanga tu. Ganda la namna hiyo haliwezi kumdhuru mtu. Lakini risasi yenye kichwa chake, au kombora la mzinga, au kitu chochote cha chuma kilichofungwa pande zote, si cha kuchezea hata kikiwa na kutu ya miaka mia. Baruti haizeeki kama mtu. Pengine uzee huizidishia hasira. Kitu cha namna hiyo usikiguse, usikigonge kwa jiwe, usikitie motoni. Weka alama mbali kidogo, wazuie watoto, nenda ukawaambie polisi.

Basi tuliketi chini ya mti tukalichunguza ganda letu. Vyombo vyetu vilikuwa rula, kitambaa na daftari, wala havikuhitajiwa zaidi. Hatukulisugua kwa mchanga, maana mchanga huondoa kutu pamoja na maandishi. Tulilifuta polepole, tukalipima. Urefu wake ulikuwa milimita 60. Mdomo wake ulizidi kidogo milimita 11. Takoni palikuwa na ukingo uliotokeza nje pande zote, na upana wa tako hilo ulikuwa kama milimita 15.

Vipimo hivyo vyatosha kusema mengi. Katika vita vikuu vya kwanza, vilivyopiganwa katika nchi hizi toka mwaka 1914 hata 1918, maganda yanayoonekana mara nyingi ni ya namna tatu. La kwanza ni la bunduki ya Waingereza. Urefu wake ni milimita 56, mdomo wake ni kama milimita 8, na tako lake lina ukingo uliotokeza. Mara nyingi takoni huonekana herufi za kiwanda, na pengine tarakimu za Kirumi kama VII. La pili ni la bunduki mpya ya Wajerumani iitwayo Mauser, ya mwaka 1898. Hilo nalo ni jembamba, urefu wake milimita 57, lakini tako lake halina ukingo uliotokeza: lina mfereji uliochongwa kuzunguka. Mtu aweza kuyatofautisha haya mawili hata gizani, kwa kupitisha ukucha. La tatu ni nene kuliko hayo, nalo ndilo tuliloliokota. Ni la Mauser ya zamani, ya mwaka 1871.

Wanafunzi walishangaa kusikia kwamba askari wa mwaka 1914 walipigana kwa bunduki za mwaka 1871. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Vita vilipoanza, kombania nyingi za Wajerumani katika Afrika ya Mashariki zilikuwa bado na bunduki hizo kuukuu. Zilitumia baruti nyeusi, yenye kutoa moshi mzito kila risasi ipigwapo. Askari aliyejificha nyuma ya kichaka alipofyatua, moshi ulipanda juu ya kichwa chake ukamwonyesha adui mahali alipo. Ganda dogo la shaba lilitufundisha hivyo hatari aliyokuwa nayo mtu ambaye jina lake hatulijui.

Mwanafunzi aliyeliokota akafurahi, akasema: "Basi ganda hili ni la vita vya mwaka 1914, vilivyopiganwa hapa hapa bandarini." Naye alikuwa na sababu ya kusema hivyo. Agosti 8, 1914, manowari za Waingereza zilikuja mbele ya mji huu, zikapiga mizinga kituo cha simu ya upepo. Wajerumani nao wakalizamisha gati lao lielealo katika mlango wa bandari ili kuufunga. Novemba 28 mwaka ule ule manowari mbili, Goliath na Fox, zilileta boti ndogo ziingie bandarini kuharibu meli za Wajerumani. Boti hizo zilipokuwa zikitoka zilimiminiwa risasi toka pwani, na manowari zikajibu kwa mizinga mikubwa. Katika vita hivyo nyumba ya Gavana, iliyokuwapo pale Magogoni, iliharibiwa. Ikaja kujengwa upya mwaka 1922, nayo ndiyo Ikulu tunayoiona. Mji wenyewe ulitwaliwa na Waingereza Septemba 4, 1916.

Hata hivyo tulimzuia mwanafunzi wetu asiandike neno hilo daftarini. Bunduki ya mwaka 1871 haikuingia nchini mwaka 1914. Askari wa Wissmann walikuja nayo mwaka 1889, walipopigana na Abushiri na watu wa pwani. Ilitumika tena katika vita vya Maji Maji, toka mwaka 1905 hata 1907. Kwa hiyo ganda letu laweza kuwa la vita vya bandarini. Laweza kuwa la miaka 25 kabla yake. Laweza hata kuwa la askari aliyekuwa akijifunza shabaha. Hata kama tungaliweza kusoma mwaka uliochapwa takoni, mwaka huo ni wa kutengenezwa kwake kiwandani, si wa kupigwa kwake.

Ni nini basi ambacho kingeweza kutusaidia? Ni mahali pake. Kama tungalijua lilikuwa katika tabaka gani la udongo, karibu na nini, peke yake au pamoja na mengine, tungalikuwa na neno la kuongeza. Lakini tulikuwa tumekwisha kulichomoa, na udongo ulikuwa umeporomoka, wala hapana aliyekumbuka sawasawa tundu lake. Kosa hilo lilikuwa letu sisi walimu, tusiowaonya wanafunzi kabla ya kuanza safari. Kitu cha kale kikiondolewa mahali pake ni kama neno lililokatwa katika barua: neno waliona, lakini habari yake imepotea.

Tena chuma husafiri. Tazameni mfano wa manowari ya Wajerumani iliyoitwa Königsberg. Ilitoka katika bandari hii ya Dar es Salaam Julai 31, 1914. Septemba 20 iliizamisha manowari ya Waingereza, Pegasus, huko Unguja. Kisha ikajificha katika midomo ya mto Rufiji, hata Julai 11, 1915, ilipopigwa na kuangamizwa. Lakini mizinga yake 10, yenye vinywa vya milimita 105, haikufa pamoja nayo. Wajerumani waliitoa majini, wakaileta Dar es Salaam, wakaitia magurudumu, nayo ikapigana nchi kavu. Mmoja wao uko Mombasa katika Ngome ya Yesu, karibu na mzinga wa Pegasus. Mwingine uko Pretoria, katika Afrika ya Kusini. Mtu akiukuta mzinga wa meli Pretoria, mbali sana na bahari, asije akadhani manowari ilipata kufika huko.

Pengine chuma hakisafiri, bali hugeuka. Mwaka 1916 Wajerumani, wakiwa wamezingirwa na kukosa fedha, walitengeneza sarafu zao Tabora. Shaba ya maganda ya risasi na makombora iliyeyushwa, ikapigwa sarafu za heller 5 na heller 20, zenye herufi T kuwa alama ya Tabora. Mkulima akiokota sarafu ya namna hiyo shambani, ameokota sarafu, na pengine ameokota risasi pia. Heller zenyewe zimekwisha kutoweka madukani, lakini jina lake lingali midomoni mwetu. Kila siku twasema, "Sina hela," wala hatufikiri kwamba tunataja sarafu ya Wajerumani.

Basi tuliondoka Magogoni, tukapita Kivukoni, tukapanda hata penye sanamu ya Askari, katika barabara ya Samora. Sanamu hiyo ya shaba ilifunuliwa mwaka 1927, nayo ni kazi ya mchongaji Mwingereza James Alexander Stevenson. Wanafunzi waliizunguka, wakaitazama bunduki na singe yake iliyoelekea bandarini. Tuliwaambia wasome maandishi ya chini, yaliyoandikwa kwa Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu, nao wakaona kwamba pamoja na askari wametajwa wapagazi.

Hapo ndipo mwanafunzi mmoja, msichana ambaye asubuhi nzima hakuwa amesema neno, alipouliza: "Mwalimu, asubuhi tumeokota ganda lililotumiwa na askari. Tumesikia habari za mizinga. Na sanamu hii ni ya askari. Je, wale waliobeba risasi hizo kichwani, wao waliacha nini?"

Hatukumjibu mara moja, kwa kuwa hatukuwa na jibu tayari. Tulimwambia twende mbele. Tukavuka Mnazi Mmoja, tukaingia katika mitaa yenye zogo la biashara, hata tukafika sokoni Kariakoo. Pale tukasimama, tukamwuliza: "Hapa paitwaje?" Akajibu: "Kariakoo." Tukamwambia: "Hilo ndilo waliloacha."

Maana jina hilo si la kabila lolote wala la mti wala la mto. Ni matamshi ya Kiswahili ya jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi. Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916, walikifanya kiwanja hiki na jengo la soko lililoachwa na Wajerumani kuwa kambi ya wapagazi. Vita vikaisha, wapagazi wakatoweka, na mwaka 1923 pakawa soko. Lakini watu waliendelea kupaita kwa jina la wale waliolala hapo. Huko Nairobi nako kuna mtaa uitwao Kariokor, na asili ya jina lake ni hiyo hiyo.

Yafaa mjue wapagazi hao walikuwa watu gani. Katika nchi hii ya mbung'o, ng'ombe na farasi walikufa upesi, na magari hayakuwa na njia. Kwa hiyo kila kitu cha jeshi, unga, maji, dawa, risasi, hata vipande vya mizinga, kilipita juu ya vichwa vya watu. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama ratili 50 au 60. Wengi hawakwenda kwa hiari yao, bali walikamatwa vijijini. Wakiwahesabu wote walioandikwa na Waingereza kwa muda mrefu na mfupi, wanahistoria hufikia karibu watu milioni moja, na waliokufa hukadiriwa kuwa karibu 100,000. Wajerumani nao walitumia wapagazi wengi sana, na hesabu yao ni haba zaidi. Wengi katika waliokufa hawakuuawa kwa risasi: waliuawa na kuhara damu, homa, baridi ya milimani na njaa.

Sasa fikirini. Askari alishika chuma, na chuma hukaa ardhini miaka mia. Mpagazi alishika nini? Alikuwa na ngata ya majani kichwani, kamba, mkeka, na kipande cha nguo. Ngata hunyauka siku ile ile. Kamba huoza. Nyayo hufutika kwa mvua ya kwanza. Mtu atembeaye akitafuta mabaki ya vita kwa macho yake tu ataona kazi ya mwenye bunduki, wala hataona kazi ya mwenye mzigo. Naye asipoangalia, atadhani vita vilipiganwa na wenye bunduki peke yao.

Wala si wapita njia tu waliopotewa na habari hiyo. Aprili 2021 Kamisheni ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa ya uchunguzi wake yenyewe. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita vile, wengi wao wakiwa wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, na pengine hawakukumbukwa kabisa. Na kwamba huenda hesabu yao ikafika 350,000. Askari wengi wa Kizungu waliwekewa mawe yenye majina. Wapagazi wetu wengi hawakuwekewa hata jiwe lisilo na jina. Julai 2021 moto uliunguza soko la Kariakoo, na watu wakapata hasara kubwa. Lakini jina la mahali halikuungua. Huo ndio ukumbusho wao ulio mkubwa kuliko wote, nao watajwa na maelfu ya watu kila siku pasipo kujua.

Basi, wasikilizaji wetu, twawapa mashauri machache. La kwanza: kitu cha vita ukikiona, kwanza kitazame, usikishike, na ukiona kimefungwa pande zote, jitenge nacho ukawaambie polisi. La pili: andika mahali, siku, na vitu vilivyo karibu nacho, upige picha au uchore. La tatu: kipime, uhesabu herufi zake, wala usiseme zaidi ya kile kinachosema chenyewe. La nne: usimwuzie mnunuzi wa vyuma chakavu. Vitu vya kale vina sheria yake, iliyotungwa mwaka 1964. Mpashe habari afisa utamaduni wa wilaya yako, au wenye Makumbusho ya Taifa, ambayo nyumba yake ya Dar es Salaam ilifunguliwa mwaka 1940.

Na la tano, ambalo kwetu sisi ndilo kubwa: baada ya kuuliza ardhi, uliza watu. Waulize wazee wa kijiji chako asili ya jina la mlima, la kisima, la mtaa. Waulize kama katika ukoo wenu alikuwako mtu aliyechukuliwa kwenda kubeba mizigo wakati wa vita vya Wadachi na Waingereza, na kama alirudi. Waliomwona wamekwisha kufariki; waliosimuliwa nao wangalipo, lakini wanapungua kila mwaka. Ganda la shaba laweza kungoja ardhini miaka mia nyingine. Jina lililo katika kumbukumbu ya bibi yako haliwezi kungoja.

Ganda letu la Magogoni tulilikabidhi kwa wanaohusika na vitu vya kale, pamoja na maelezo ya kosa letu. Darasani tumebaki na karatasi moja iliyobandikwa ukutani. Upande wa kushoto pamechorwa ganda hilo, na vipimo vyake vyote. Upande wa kulia tuliacha nafasi tupu kwa ajili ya wapagazi. Wiki iliyofuata yule msichana alirudi toka likizo fupi ya kwao, akaomba kalamu, akaandika jina moja la mwanamume wa ukoo wake, na chini yake maneno mawili: "Hakurudi." Kisha akayahesabu, akaona ni neno moja tu, akacheka kidogo, akaongeza: "Kwao." Tangu siku hiyo wengine nao wameandika, na nafasi inaendelea kujaa.

Kwaherini, na Mungu awape matembezi mema.